Kila Kinyago na Maneno Yake

Mimi ni mtu wa kunusa vitu. Nikinunua dagaa nanusa, nikiletewa zawadi nanusa kwanza ndipo nashukuru, na mtu akinisifia bila kuombwa najiuliza anataka nini. Mume wangu hunicheka. Husema serikali imekosa mkaguzi wa mizigo pale bandarini. Wanangu nao wameshanizoea. Wakivunja kikombe hawajisumbui kutunga uongo, wanakuja wenyewe kuungama, maana wanajua mama yao atagundua tu.

Majuzi jirani yetu hapa Gungu alikuwa anachemsha mawese uani kwake. Kuni zake zilikuwa mbichi, kwa hiyo moshi na mawese vikaja dirishani pamoja. Wanangu wakaziba pua. Mimi nikabaki nimeshika mwiko, sikorogi wala sipakui. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya uzee. Si uzee wa watu, ni uzee wa vitu, ule tuliokuwa tunautengeneza wenyewe nyumbani kwa Babu, Buzebazeba, juu ya moto ule ule uliopika maharage yetu.

Familia yetu iliuza vinyago. Aliyeanza ni Babu, Mmanyema wa Ujiji ambaye wazee wake walivuka ziwa kutoka Kongo. Alikuwa mchonga makasia na vigoda. Nyumbani tulihadithiwa kwamba siku moja mgeni aliyekuja kuutazama mnara wa kumbukumbu pale Ujiji alivipita vigoda vyake vipya vyote, akaenda kukiomba kile kilichopasuka ambacho Bibi alikuwa amekikalia akichambua mchele. Babu akamwinua mkewe, akamuuzia mgeni kigoda. Siku hiyo hiyo akapata akili kwamba wageni hawatafuti kazi nzuri, wanatafuta miaka. Na miaka, Babu aliamua, haiwezi kumshinda mtu mwenye kuni, mawese na subira.

Tangu hapo nyumba nzima ikagawana kazi. Kinyago kipya kikishachongwa, Mama alikipaka mawese yaliyochanganywa na masizi, akakipandisha kwenye uchaga juu ya mafiga, kikakaa huko kikila moshi. Kikishuka, Bibi alikifukia karibu na kichuguu nyuma ya choo ili mchwa wakitafune kidogo miguuni. Kisha kilifukuliwa, kikapigwa jua, kikakabidhiwa kwetu watoto tukichezee baada ya kula, kabla hatujanawa. Hiyo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Vingine vilikuwa vikongwe kweli, vilivyovushwa kutoka ng'ambo, navyo vilikaa rafu moja na vya kwetu dukani Ujiji. Kusema kweli, vya kwetu ndivyo vilivyoonekana vizee zaidi.

Sikujua kwamba nyumba nyingine hazifanyi hivyo. Mwalimu alipotuuliza jikoni kuna vitu gani, wenzangu wakataja sufuria, chungu, mwiko. Mimi nikanyoosha mkono nikasema, "Sanamu ya mfalme." Darasa likaangua kicheko. Niliporudi nyumbani nikalia, na Baba akanichukua pembeni. Nilidhani atanibembeleza. Aliniuliza tu kama mwalimu alicheka naye, au alinyamaza na kunitazama. Nikamwambia alinitazama. Baba hakulala vizuri siku kadhaa.

Lakini moshi na mchwa vilikuwa nusu ya kazi. Nusu nyingine tuliiita maneno. Baba alituambia kwamba kinyago kisipokuwa na maneno yake, mnunuzi anakigeuzageuza, anakirudisha mezani, anaondoka. Basi baada ya chakula, mkeka ukiwa bado na punje za wali, Baba alikisimamisha kinyago katikati yetu na kuuliza, "Haya, huyu ni nani?" Bibi ndiye aliyekuwa fundi wa hapo. Alikuwa akikitazama kidogo huku akinusa ugoro wake, kisha anasema huyu alikaa mlangoni kwa mganga fulani wa ng'ambo, akanyeshewa na mvua, ndiyo maana ana ufa. Baba mdogo aliongeza jina la kijiji. Mama alikumbusha mambo yasigongane. Tukishakubaliana, kila mmoja aliyarudia maneno yale, hata mimi, ili mgeni akituuliza kila mmoja peke yake apate jibu lile lile.

Na kulikuwa na kanuni moja ambayo Baba alinifundisha kabla sijajua kufunga viatu. "Ukiulizwa usilotaka kulijibu, Mwavita, usiseme uongo. Angalia chini. Mgeni atajijibu mwenyewe, na jibu alilojipa mwenyewe ataliamini kuliko la kwako."

Mtoto akilelewa hivyo hawezi kuwa na moyo mweupe. Nilimwuliza Mama kama kovu la gotini kwangu ni la kuzaliwa nalo au walinilaza kichuguuni. Wala sikuwa peke yangu. Bibi alisawazisha sukari koponi na kuchora mstari juu yake kwa kidole, ili ajue kama imeguswa. Mama alinusa mashati ya Baba kabla ya kuyafua. Baba naye alihisi kwamba mdogo wake huficha vinyago vizuri njiani na kuviuza mjini kwa siri, na kila mzigo ulipofika alikuwa anauliza mara mbili kama ndio huo tu.

Mdogo wake huyo alikuwa Baba mdogo Kasimu, na mimi nilimpenda kupita kiasi. Yeye ndiye aliyevuka ziwa kufuata mizigo, na yeye ndiye aliyerithi tezo ya kuchongea ya Babu. Alikuwa mrefu, mwepesi wa kucheka, na mtu pekee nyumbani ambaye hakuhesabu vipande vya nyama chunguni. Alinifundisha kukigeuza kinyago na kukitazama chini kwanza, kwa sababu huko ndiko mchongaji huchoka na kuacha ukweli. Msimu ule alikuwa mchumba wa Ashura, binti wa watu wa Gungu. Posa ilikuwa imekubaliwa, na mshenga aliyeipeleka alikuwa jirani yetu mpiga picha, yule aliyeshinda mnarani akiwapiga wageni picha. Baba mdogo alianza kujifyatulia matofali, akawa anaimba akiyapanga.

Ndipo akaja yule Mzungu. Alikuwa mzee mkavu, ameishi Kongo miaka mingi, anasema Kiswahili cha huko bila kubabaika. Wageni wengine waliingia dukani wakishangaa. Huyu aliingia kama daktari. Alikichukua kinyago tulichokihangaikia tangu kiangazi, akakikwaruza kwa ukucha, akakinusa, kisha, Mungu shahidi, akakilamba. Akakirudisha.

"Hii iko mupya, Mzee," alimwambia Baba kwa upole. "Hii imetoka jikoni kwako. Mawese muzuri, lakini mupya."

Baba akaanza maneno ya mganga na mvua. Mzungu akainua mkono. "Hapana. Maneno mimi nimechoka nayo. Kila duka iko na maneno."

Akaondoka bila kununua, na kesho yake akarudi, akalamba kingine, akaondoka tena. Nyumbani kukawa kama kwenye msiba. Hakuna mtu aliyewahi kutukataa namna ile, tena kwa adabu. Wakubwa walianza kukaa jikoni mlango ukiwa umefungwa, na sisi watoto tukapelekwa kucheza mbali, jambo ambalo mimi nililiona ni la kutiliwa shaka papo hapo. Nilizunguka nyuma nikanusa pale dirishani. Kulikuwa na mawese na masizi kama kawaida, sikupata kitu.

Baada ya majuma kadhaa, asubuhi moja nikiwa nafagia uani, nilisikia Bibi anapiga yowe. Si yowe la nyoka. Lilikuwa yowe la msiba. Nilikimbilia ukumbini nikakuta kitu ambacho sijakisahau. Baba mdogo alikuwa ameshika furushi la kanga kuukuu, Baba ameling'ang'ania upande wa pili, wanavutana wakihema. Bibi alikuwa sakafuni, kilemba kimemtoka, anajipiga mapaja.

"Mama wa mama yangu!" alilia. "Kasimu, unamuuza mama wa mama yangu! Nimekunyonyesha kwa ajili gani?"

Kanga ikafunguka. Ndani mlikuwa na sanamu ndogo ya mwanamke aliyekaa, mikono tumboni, mweusi tititi, uso umelika. Sikuwa nimewahi kumwona. Niliumia sana, si kwa sababu ya ugomvi, bali kwa sababu nilifikiri ni kitu cha siri cha ukoo ambacho kimekuwa chumbani kwa Bibi siku zote na mimi sikuaminiwa kuonyeshwa.

Mlangoni alikuwa amesimama yule Mzungu, kofia mkononi. Kumbe aliambiwa aje nyumbani asubuhi ile kuangalia mzigo mpya. Baba alipomwona aliitupia kanga ile sanamu kwa haraka, akaenda akamsukuma kifuani. Baba yangu, aliyekuwa akimpangusia mgeni kiti kwa kanzu yake!

"Ondoka! Leo hatuuzi. Haya ni ya nyumbani kwetu, ondoka!"

Majirani walikuwa wamejaa kibarazani. Mbele yao Baba akamgeukia mdogo wake, sauti inatetemeka. "Toka. Usikanyage hapa. Aliyemwibia mama yake si ndugu yangu." Baba mdogo alimtazama, akalichukua furushi kwa nguvu, akapita katikati ya watu na kuishika barabara ya kwenda ziwani. Nilimkimbilia nikamshika shati. Aliibandua mikono yangu taratibu, kidole kimoja kimoja, akaenda. Tukasikia baadaye kwamba amepanda boti ya kwenda Mwamgongo kwa wajomba zake.

Nililia mpaka nikatapika. Watoto wa jirani waliniimbia wimbo wa mwizi wa sanamu, na watu wazima walisimama vikundi vikundi wakisema kumbe watu wa nyumba ile, pamoja na swala zao zote, wana mzimu chumbani. Mama aliniambia ninyamaze, yatapita. Nikamwona hana machozi. Nikaanza kumtilia shaka hata yeye.

Siku si nyingi, kikapu cha migebuka mikavu kikafika kutoka Mwamgongo. Aliyekileta alisema kimetoka kwa Kasimu. Nilidhani Bibi atakitupa jalalani. Bibi alikifungua, akachagua samaki mnene kuliko wote, akamweka motoni, akaanza kumnyofoa huku akisifu mafuta yake. Niliketi nikamkodolea macho. Mtu aliyeibiwa mama wa mama yake, anakula samaki wa mwizi na kulamba vidole!

"Bibi," nikasema, "umeshamsamehe?"

Bibi alinitazama, akachungulia mlangoni, kisha akacheka kicheko cha chini chini kilichomtikisa mabega. "Njoo hapa, mke mwenzangu. Wewe una pua, tungekuficha mpaka lini?" Akanivuta karibu. "Hivi, siku ile nililia vya kutosha? Baba yako anasema nilizidisha pale pa kunyonyesha."

Akanieleza yote huku akila. Yule mwanamke aliyekaa alichongwa na Baba mdogo jikoni, wakati tulipofukuzwa kwenda kucheza. Mzungu alikuwa amechoka na maneno, basi wakampa kitu asichoweza kukilamba, yaani ugomvi. Kitu ambacho ndugu wanataka kuuana kwa ajili yake, nani atauliza kama ni cha kale? Mzungu alikuwa ameshamfuata Baba mdogo Mwamgongo kwa boti, kimya kimya, akainunua kwake sanamu ile kwa kificho kama mtu anayenunua cha wizi. Na mtu aliyenunua cha wizi harudi kulalamika. Sasa ilibaki kusubiri kidogo Mzungu aondoke zake, kisha Baba mdogo arudi aombe radhi hadharani, Baba amsamehe, Bibi amtemee mate ya baraka, mambo yaishe.

Sijawahi kufurahi vile. Dunia ilirudi mahali pake. Baba mdogo hakuwa mwizi, na mimi nimeaminiwa! Watoto walipouimba ule wimbo niliangalia chini kama nilivyofundishwa, na moyoni nilikuwa nacheka. Akili yangu ya kitoto ilinidanganya kwamba kwa kuwa sisi tunajua ukweli, basi ukweli upo, umekaa salama jikoni kama kitoweo kilichofunikwa, utatolewa muda wa kula ukifika.

Mzungu akaondoka. Lakini kabla Baba mdogo hajaitwa, watu wa Gungu walimtuma mshenga kusema wana neno. Habari zilikuwa zimewafikia. Wakapangiwa siku ya kuja kikao kwetu, na Baba mdogo akaletewa ujumbe. Alifika mapema, amekonda, amevaa shati lake jeupe. Alinirusha juu kama zamani. Kisha akamfuata Baba pale kwenye matofali yake, ambayo yalikuwa yameanza kuota majani, na mimi nikawa karibu.

"Kaka, leo maneno yaishe."

"Yataisha," Baba akasema. "Ngoja waje."

Walikuja wazee wawili na shangazi yake Ashura, pamoja na mshenga wetu, yule mpiga picha. Mama alikuwa amepika pilau na hajaipakua bado. Nilikaa mlangoni na birika la kunawia mikono, nikiwa na hamu kama ya sikukuu. Salamu zilikuwa ndefu; kila mtu aliulizwa habari za nyumbani, za mashamba na za afya. Kisha mzee mmoja, baba mkubwa wa Ashura, akakohoa.

"Mwenzetu, sisi Waha tukija kuuliza jambo tunaliuliza. Mji wote unasema kijana huyu alimnyang'anya mama yake kitu cha wazee, akakiuza. Ashura analia, anasema si kweli. Wewe ndiye mkubwa wake. Tuambie, ni kweli au si kweli? Ukisema si kweli, tunanawa, tunakula, tunapanga siku."

"Ego," shangazi akaitikia kwa Kiha, ndiyo. "Neno lako tu."

Nilimtazama Baba nikisubiri acheke. Nilijua atacheka, apige paja, aseme jamani ule ulikuwa mchezo wa biashara, na wote watacheka, na Bibi ataonyesha alivyolia. Baba mdogo alikuwa amekaa wima, uso umetulia, kama mtu anayesubiri mzigo wake ushushwe. Baba alifungua mdomo. Kisha macho yake yakaenda kwa mpiga picha. Mtu huyo alishinda na wageni kutwa nzima, na kila aliyefika Ujiji alipita mbele ya kamera yake. Alilolijua yeye leo, kesho lingejulikana kwa kila mnunuzi. Niliona Baba anaona hivyo. Na Baba akaangalia chini.

Hakusema uongo hata neno moja. Alitazama mkeka. Baba mdogo akamgeukia. Akangoja. Akamgeukia Bibi, na Bibi akawa anakunja ncha ya kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena. Mama alikuwa amesimama na sinia la pilau mlangoni nyuma yangu, pumzi yake naisikia utosini.

"Basi," akasema yule mzee taratibu, akijijibu mwenyewe. "Tumeelewa. Ndugu hawezi kumshuhudia nduguye vibaya, tunakuheshimu kwa hilo." Wakainuka. Hawakunawa. Shangazi yake Ashura alipompita Baba mdogo alivuta mtandio wake usimguse.

Hata wakati huo nilikuwa sijaelewa. Nilifikiri wanangoja wageni wafike mbali. Walipotokomea nikasema kwa sauti kubwa, "Haya, sasa wameondoka!" Hakuna aliyecheka. Baba akasema, bila kuinua macho, "Kasimu, lile duka ndilo linalotulisha wote. Ningewaambiaje mbele ya yule mpiga picha..." Baba mdogo alisema, "Najua, kaka." Akasema tena, "Najua." Hakula. Nilimsindikiza mpaka kwenye boti nikimbebea mfuko. Alipopanda, mama mmoja aliyekuwa amekaa pale alivuta kikapu chake akakibana kati ya miguu yake. Baba mdogo alikiona. Akasogea akakaa peke yake nyuma karibu na injini.

Ashura aliolewa na mtu mwingine. Baba mdogo alikaa Mwamgongo, akawa anavua na kuchonga mitumbwi, na baadaye akaoa huko huko. Nilimchukia Baba, nasema wazi. Nilimchukia kwa miaka, huku nikila chakula chake. Nilijiambia kwamba angalau anajua alichokifanya, na kwamba usiku kinamuuma. Hilo lilinitosha.

Lakini duka lilihitaji maneno, na maneno ya Baba mdogo yalikuwa matamu kuliko yote tuliyowahi kutunga. Mgeni akikitilia shaka kinyago, Baba alishusha pumzi na kusema, "Hiki ni kidogo. Kile cha maana, cha mama yetu, mdogo wangu alikiiba." Wageni waliguswa. Wengine walimshika bega. Mwanzoni alikuwa akishaondoka mgeni anakaa kimya kwa muda. Baadaye akawa hakai kimya. Baadaye tena alikuwa akiyasimulia hata kwa wasionunua, msikitini, kwa kinyozi, na machozi yanamlengalenga. Nikiwa msichana mkubwa redio yetu ilipotea nyumbani. Baba alizunguka chumba, akauliza, "Kasimu alifika lini hapa mara ya mwisho?" Nilimtazama usoni nikitafuta utani. Niliutafuta kwa macho yangu yote niliyofundishwa na nyumba ile, na sikuuona.

Bibi alikufa, na sisi tukampokea Baba mdogo mazishini kama mgeni. Alikaa na watu wa nje, akaondoka kabla ya hitma. Duka nalo likafa. Vijana wa siku hizi huonyesha wageni kinyago kwenye simu na bei yake huko Ulaya. Baba akabaki na kiti chake barazani, kisha na kitanda chake.

Alipozidiwa mwaka huu tulimzunguka, mimi na Mama na ndugu zangu. Akili zake zilikuwa zake. Alituuliza kuhusu ng'ombe wa sadaka, akamkumbusha Mama mahali pa hati ya kiwanja. Nikamwambia, "Baba, tumwite Baba mdogo?"

Macho yake yakajaa. "Mwiteni," akasema. "Mwiteni mdogo wangu, nimalize naye kinyongo." Nikasimama nitafute simu. Ndipo akaninyooshea kidole. "Lakini fungeni kwanza chumba cha mama."

Chumba cha Bibi kilikuwa na kitanda na kikapu cha nguo alizoacha. Hakijawahi kuwa na kufuli. Nilimtazama Mama, Mama akanitazama. Yeye alipaka masizi kwa mikono yake. Yeye ndiye aliyekuwa akitukumbusha mambo yasigongane. Nilisubiri aseme. Mama akainuka, akaenda kulitoa kufuli kwenye mlango wa jiko, akalipeleka akalifunga pale.

Baba mdogo alifika kwa bodaboda kutoka ziwani, mzee mwenye mvi, mfuko begani, shati jeupe. Nilimpokea mlangoni nikampa shikamoo, akanishika kichwa. Tukaingia ukumbini. Hatua zake zikapungua, zikasimama. Alikuwa amekiona kile chumba. Alilitazama kufuli kwa muda, kisha akaniinamia sikioni, na sauti yake ilikuwa na kitu kama tumaini.

"Mwavita," akanong'ona, "kuna mnunuzi ndani?"

Nikamwambia hakuna. Tuko sisi tu.

Akaitikia kwa kichwa. Akaushusha mfuko begani, akautoa nje, akauweka kibarazani mahali ambapo kila mtu anauona, ukiwa wazi. Kisha akaingia kwa kaka yake na mikono mitupu.